Nilimpeleka Mama Wasini, akakataa kupanda mashua

Somo, assalamu alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mhasibu hapa Mombasa, nina mume na watoto wawili. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Mama ana miaka 69 na anaishi peke yake Kibokoni. Tumemwomba mara nyingi aje akae kwa mmoja wetu, na jibu lake ni lile lile: "Nikija kwenu nitakuwa mgeni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe."

Mama ni mzaliwa wa Wasini, kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya Shimoni, kule kusini karibu na mpaka wa Tanzania. Aliolewa Mombasa akiwa na miaka kumi na minane. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitupeleka kila Disemba, tunashinda majini mpaka vidole vinakunjamana. Baadaye safari zikapungua. Mara ya mwisho alikwenda 2018, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Dada yake huyo, mama yetu mkubwa, alifariki Mei 2020, wakati wa korona, kaunti za pwani zilipofungwa. Mombasa hutoki, Kwale huingii. Mama hakuweza kwenda msibani. Tulisoma hitima nyumbani Kibokoni, watu wachache tu kwa masharti ya wakati ule, na mambo yakaisha. Watoto wa mama mkubwa ni watatu, wawili wako kisiwani na mmoja ameolewa Moa, upande wa Tanzania.

Miezi ya karibuni Mama akawa haishi kuitaja Wasini. Mara atauliza kama mkungu wa nyumbani kwao bado umesimama. Mara atasema usiku ameota harufu ya mwani. Nikajiambia, huyu anatamani kwao, nimfurahishe. Nikaomba likizo siku mbili. Nikamlipia mwenye boti mapema ile safari ya kutwa wanayopenda watalii: kutazama pomboo, kuogelea kwenye matumbawe ya Kisite (yeye angekaa botini, mimi ningeogelea), chakula cha mchana kisiwani, na kutembea kwenye lile daraja la mbao la akina mama wa Wasini linalopita katikati ya matumbawe yaliyobaki nchi kavu. Jioni tungerudi kulala Shimoni. Kila kitu pamoja na chumba, zilinitoka shilingi 14,500. Nikamnunulia na dera la rangi ya chungwa na kofia pana ya jua.

Asubuhi ya safari nimemkuta amevaa buibui lake jeusi la zamani. Dera amelikunja vizuri akaliacha kitandani. Mkobani ana halua kilo mbili, na pindoni mwa leso amefunga pesa, fundo kubwa kama limau. Sikusema kitu.

Nilitaka tupite Dongo Kundu tukwepe foleni ya Likoni. Akasema hapana, anataka feri. Sawa, tukapanda feri. Njiani alizungumza sana, mpaka nikafurahi. Alinionyesha palipokuwa na fulani, akanisimulia miwa ya Ramisi enzi za kiwanda cha sukari cha zamani. Nilipoweka taarabu akaniambia taratibu, "Zima, mwanangu." Nikazima. Msambweni nikasimama kutia mafuta, mtandao wa kulipia kwa simu ukawa umekwama, nami mfukoni sina noti. Nikamwambia, "Mama, nikopeshe elfu mbili kwenye hizo ulizofunga, nitakurudishia leo leo." Akaniambia, "Hizi zina mwenyewe." Somo, mimi ni mwanawe! Tukakaa pale dakika ishirini mpaka mtandao ukarudi, na fundo lake liko mapajani.

Mbele kidogo tukakuta kizuizi. Askari aliposikia Mama anavyosema akamuuliza kama ni Mtanzania. Mama akampa kitambulisho, akamwambia, "Andika unavyotaka, mwanangu, mradi jina langu usilikosee." Tulicheka wote, hata askari. Hicho ndicho kicheko cha mwisho siku ile.

Tulifika Shimoni saa nne na nusu. Maji yamekupwa, ngazi za gati ziko wazi hadi chini, zimeota ukoga wa kijani, na boti yetu iko kule chini kabisa. Watalii kama kumi wameshaingia wanatungoja. Nahodha, kijana mwenye adabu, akamwambia Mama asiwe na wasiwasi, yeye na mwenzake watambeba, na upande wa pili pia watambeba kwa sababu tutashukia majini. Mama akazitazama zile ngazi. Akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Hakuna aliyejua. Akahesabu mwenyewe kwa vidole, akasema, "Kumi na tano. Bamvua. Maji hayarudi mpaka alasiri." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi chini ya mti. Akaniambia, "Wewe nenda. Mimi nipo hapa."

Nilimbembeleza, Somo. Nilimshika mkono. Watalii wanatazama saa. Mama mmoja muuza viazi karai akaja akamkodolea macho, akamuuliza, "Wewe si nduguye marehemu?" Mama akaitikia kwa sauti ya chini, akavuta buibui likamfunika nusu ya uso. Boti ikaondoka bila sisi, na pesa hazirudi. Nikamwambia basi angalau twende tukalione pango la Shimoni, maana tumeshafika. Hataki. Nikaenda kukaa garini na hasira zangu. Kila nikichungulia namwona yuko pale pale, anakitazama kisiwa, kama mtu anayetazama runinga. Aliondoka mara moja tu kwenda kuswali adhuhuri, akarudi benchini.

Ilipofika saa kumi kasoro hivi nikaona basi, yatosha. Nikawasha gari. Nikamwona amesimama kwenye ukingo wa gati, mkoba mkononi. Nikapiga honi. Akageuka, akanitazama kidogo, akaja akaingia garini bila neno.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimfokea. Nilimwambia amenitia hasara na aibu mbele ya watu, na kwamba mimi si dereva wa kumzungusha. Akasema, "Haya." Basi. Kutoka Shimoni mpaka Likoni hakuna aliyesema. Chumba nacho nikakiacha. Siku ya pili nikasikia ile halua amewagawia watoto wa majirani.

Sasa ni wiki ya tano. Nikimpigia simu ananijibu, "Hujambo, watoto hawajambo, alhamdulillahi," kisha kimya. Kaka yangu anasema Mama ameanza kuchanganyikiwa: haijui tarehe, anakataa mambo bila sababu, anakaa saa tano akitazama maji. Anataka apimwe kichwa, na asisafirishwe tena. Mimi sijui nishike lipi. Nimwendee vipi? Kaka ana haki? Na hii Wasini niijaribu tena au niiache kabisa?

Aliyefoka Gatini, Mombasa

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na neno moja la barua yako ambalo si kweli. Umesema Mama alikataa kupanda mashua. Hakukataa. Isome tena barua uliyoiandika kwa mkono wako. Alikwambia saa ya kuondoka, wewe ukasikia kukataa.

Mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, ni bamvua, siku za maji makubwa. Kwa pwani yetu siku hizo maji hukupwa kabisa saa nne, saa tano za asubuhi, na kujaa saa kumi za jioni. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Ngazi ulizoziona wazi hadi chini saa nne na nusu, saa kumi zilikuwa zimefunikwa karibu zote, na mashua imesimama usawa wa gati, mwanamke wa miaka 69 anaingia kwa hatua moja, kanzu yake haijaloa wala hajashikwa na mtu. Mtoto wa Wasini haambiwi hayo. Aliuliza mwezi, akahesabu, akakupa jibu: maji yanarudi alasiri. Kisha akakaa kungoja alasiri. Akaswali, akarudi kungoja. Na saa kumi kasoro, maji yalipojaa, alisimama ukingoni na mkoba wake.

Wewe ukapiga honi.

Sikwambii hivi ili ulie, ingawa ukilia si vibaya. Nakwambia kwa sababu swali lako la kwanza, namna ya kumwendea, halina jibu mpaka ujue ulimkosea nini. Unadhani ulimkosea kwa kufoka. Kufoka ni la pili.

La kwanza ni kwamba mlikuwa katika safari mbili ndani ya gari moja. Yako ilikuwa matembezi. Yake ilikuwa kwenda kuhani, kuwapa pole wafiwa. Dada yake wa tumbo moja amekufa, na yeye hajatia mguu kwenye ile nyumba. Kisomo cha Kibokoni kilimfaa marehemu, inshallah, lakini hakikumpeleka Mama mlangoni kwa wafiwa akakaa nao kwenye mkeka. Kwetu, aliyekuwepo huhani siku ya msiba, na aliyezuiliwa huhani siku atakayofika, hata ikiwa baada ya miaka. Deni hilo halifutwi na kalenda. Wewe uliandika "mambo yakaisha". Kwako.

Sasa angalia vitu ulivyoviandika mwenyewe bila kuvitazama. Buibui jeusi la zamani, na dera la chungwa limebaki kitandani. "Zima, mwanangu," kwenye taarabu. Halua ya kupeleka nyumbani kwa watu. Pesa pindoni, ambazo hata kwa mafuta ya gari hazifunguliwi. Umekasirika kwamba alikunyima elfu mbili, wewe mwanawe, naye kakwambia wazi kwamba zina mwenyewe. Ule ulikuwa ubani, mwanangu. Pesa ya wafiwa ikishafungwa si ya mfungaji tena. Nimewahi kuwaona wazee wakilala na njaa na pesa za ubani ziko chini ya mto, na ukiwauliza wanakushangaa wewe.

Halafu mtu huyo, na mzigo huo, ukataka aingie kisiwani kwao mchana kweupe pamoja na watalii kumi wenye miwani ya kuogelea, baada ya kupita kutazama pomboo, huku amebebwa na vijana wawili kama gunia la mchele. Sina neno na pomboo. Na lile daraja la mbao la akina mama ni kazi nzuri, ukienda siku nyingine lipa kiingilio uwaunge mkono. Lakini pale gatini mtu alishamtambua: "Wewe si nduguye marehemu?" Hilo swali lilimchoma. Kwa watu wa kule, kutambuliwa hivyo kabla hujahani ni kama kukutwa mlangoni kwa mtu hujapiga hodi. Ndiyo maana akajifunika.

Huenda nimekosea hapa na pale; mimi simjui mamako, naisoma barua tu. Inawezekana kuna maneno yalisemwa 2020 ambayo wewe huyajui. Misiba ya wakati ule iliacha lawama nyingi katika nyumba nyingi. Aliyefiwa anajua kwamba njia ilifungwa, lakini moyo wake unauliza mbona fulani hakuja. Na njia zilipofunguliwa Julai mwaka ule ule, kila mwezi uliopita bila kwenda uliongeza uzito wa kwenda. Mtu anaanza kuona haya ya kuchelewa, na haya ile inamchelewesha zaidi. Kama kuna hilo, watoto wa mama yako mkubwa ndio watakaokwambia.

Sasa kumwendea.

Usimpigie simu. Simu ndiyo inayompa nafasi ya kusema alhamdulillahi akakata. Nenda Kibokoni mwenyewe, bila mume, bila watoto, bila kaka, wakati ambao hana wageni. Baada ya alasiri ni vizuri. Usiende na zawadi kubwa, ataona umekuja kununua. Kaa chini, si kwenye kiti. Mwambie yale maneno yenyewe uliyosema, uyataje: "Nilikwambia mimi si dereva wa kukuzungusha. Nisamehe." Usiseme "kama nilikukosea", wala usimweleze foleni, likizo, watalii na 14,500. Hizo pesa zimekwenda, na mimi nakushauri usizitaje tena maisha yako yote, hata kwa mzaha. Mama akishazijua idadi yake atataka kukurudishia, na hapo utakuwa umemkosea mara ya tatu.

Atakujibu "Haya" au "Yamepita." Usishangilie. Hilo ni jibu la adabu tu. Kaa kidogo, umsaidie anachokifanya, halafu mwambie hivi: "Mama, mimi sijamhani mama mkubwa. Watoto wake sijawaona tangu afariki. Nataka unipeleke."

Unipeleke, umenisikia? Usimwambie tena "nikupeleke". Hata wewe una deni pale. Umeandika watoto wa mama mkubwa ni watatu kama mtu anayehesabu viti. Wale ni ndugu zako, mlishinda nao majini mkiwa watoto, na mama yao alikufa nawe hukwenda. Ukimwomba Mama akupeleke, yeye anakuwa mkubwa wa safari, wewe unakuwa mtoto uliyefuatana naye. Atapanga siku, atapanga mashua, atakwambia uvae nini. Mwache apange. Kwenye kazi yako ya hesabu wewe ndiye bosi, huku sivyo.

Akikataa? Usimsukume. Mwambie basi utakwenda wewe, umpelekee salamu zake, kisha ukae kimya. Sidhani kama zitapita siku tatu kabla hajauliza unakwenda lini.

Kuhusu kaka yako. Kumpeleka mama wa miaka 69 kwa daktari si kosa, na kama kaka anataka apimwe presha, sukari na magoti, ampeleke kesho. Kichwa kikiharibika kweli huonekana kwa mambo mengine: mtu anauliza swali moja mara tano asubuhi moja, anapotea kwenye kichochoro alichokipita miaka arobaini, anaacha sufuria motoni, anadanganywa chenji dukani. Mkiyaona hayo, msichelewe. Lakini dalili anazozitoa kaka yako zote ni za mtu mwenye akili timamu. Haijui tarehe? Alihesabu mwezi kwa vidole akawaambia nyinyi nyote, na nahodha pamoja naye, maji yatajaa lini, na yakajaa. Tarehe ya simu ndiyo asiyoihitaji. Alimjibu askari mpaka askari akacheka. Mwambie kaka yako neno "kuchanganyikiwa" si la kurusha ovyo. Mzee akishabandikwa hilo, kila asilolitaka linaitwa ugonjwa, na watoto wanaanza kuamua habari zake wakiwa sebuleni na yeye yuko jikoni anasikia.

Na kumzuia asisafiri, hapana. Anayehitaji kuambiwa asisafiri sasa hivi labda ni anayeendesha na hasira kutoka Shimoni hadi Likoni bila kusema na abiria wake.

Safari yenyewe nitakwambia ninavyoona, halafu Mama akisema vingine mfuate Mama.

Pelekeni habari mapema. Pigeni simu Wasini, waambieni watoto wa marehemu kwamba mamao mdogo anakuja kuhani, siku fulani. Neno hilo moja litafanya kazi zaidi ya kila kitu utakachokinunua. Wataweka mkeka, wataita wazee, na mashua itatoka kwao, si kwa mwenye safari za watalii. Yule wa Moa naye aambiwe. Mpaka ule una historia ya kukera: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari unaoanzia mlango wa Mto Umba, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta Vanga na Jimbo huku, Jasini na Moa kule. Lakini upo, na una wenyewe. Dada huyo apite Horohoro na Lunga Lunga akiwa na karatasi zake, agongewe muhuri, asiletwe kwa njia za panya wala kwa ngalawa ya usiku kwa sababu eti ni karibu. Msiba mmoja unatosha.

Siku ichagueni kwa mwezi. Mwezi saba, nane au ishirini na mbili ni maji mafu. Siku hizo kupwa na kujaa hutofautiana kama mita moja tu, na maji hujaa saa nne, saa tano asubuhi. Mtaondoka Mombasa alfajiri kwa utulivu, mtafika Shimoni maji yako juu, na hakuna ngazi ya ukoga itakayomtisha. Kama mna haraka na mwezi hauruhusu, basi fanyeni kama alivyotaka yeye siku ile: fikeni adhuhuri, mle, mswali, mngoje alasiri. Na msingoje hadi kusi lianze kuvuma kwa nguvu. Mkondo ule umekingwa na kisiwa chenyewe, lakini mtu wa umri wake hahitaji mawimbi ya kumrusha. Jaketi la kuokolea avae, hata akinuna. Hapo ndipo mahali pekee nakuruhusu umshinde.

Mlale kisiwani. Safari ya kwenda na kurudi siku moja ndiyo iliyowavuruga. Mtu hawezi kuhani huku anatazama saa ya boti. Wasini hakuna gari la kuwaharakisha. Mpe asubuhi nzima ya siku ya pili aende kaburini au asiende, aende kuuona ule mkungu au asiende, akae na wanawake wa rika lake wazungumze Kivumba, Kiswahili cha kule, mpaka wewe usielewe nusu ya wanayosema. Usiombe ufafanuliwe. Simu yako iweke mkobani. Kama kuna picha, zipigwe na wao na wakutumie wao.

Feri, ndiyo. Akitaka feri mpandishe feri hata foleni ikifika wapi. Hujajiuliza kwa nini? Bibi harusi wa miaka kumi na minane aliyetoka Wasini kuja Mombasa hakupita Dongo Kundu.

Na lile fundo la leso usimuulize ni kiasi gani. Ukitaka kuongeza chako, mpe noti mkononi kabla hamjapanda mashua, umwambie ni za mama mkubwa, umwache azifunge mwenyewe.

Somo